Aliyenunua ni Mama Rehema

Balozi wa nyumba kumi wa mtaa wetu, kule Newala, hakuwahi kupaza sauti. Naanza na hilo kwa sababu kila nikimweleza mtu kazi aliyokuwa akiifanya, huyo mtu hudhani alikuwa na kipaza sauti, au debe la kupiga njiani. Alikuwa na kanga mbili, ndala zilizoshonwa kwa waya, na sentensi moja.

Kitu kikiibwa mtaani, iwe sufuria, jogoo au bati lililolegea, yeye hakuhangaika na mwizi. Alinyamaza siku tatu, nne, wakati mwingine wiki mbili, mpaka mwenye mali akaanza kusahau. Halafu asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala kati ya nyumba, unasikia hodi. Unafungua, unamkuta amesimama hatua mbili kutoka kizingitini. Hakusogea karibu zaidi ya hapo.

"Nimekuja kuwaambia," anasema, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuomba chumvi. "Mwizi simjui. Aliyenunua ni Baba Salumu."

Unajibu, "Tumesikia." Anageuka, anakwenda mlango wa pili, anasema yaleyale. Ukisimama uani kwako unaweza kumfuata kwa masikio, hodi baada ya hodi, ikipungua kuelekea upande wa Shimo la Mungu, ambako upepo wa bondeni unapandia. Ukungu ukiwa mzito humwoni hata kidogo. Unasikia jina tu likitembea mtaani.

Mlango wa mnunuzi mwenyewe hakuuruka. Hapo ndipo watu wazima walipokuwa wakishusha sauti wanapohadithia. Alifika kwa Baba Salumu, akapiga hodi, akamtazama usoni, akamwambia kama anayempa habari za jirani: "Mwizi simjui. Aliyenunua ni Baba Salumu." Na Baba Salumu, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea kujibu, alijikuta amesema, "Tumesikia."

Hakukuwa na faini wala kupelekwa polisi. Kitu kilirudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo, kimewekwa mlangoni bila maneno. Mnunuzi aliendelea kuishi, ila kila aliyemsalimia alimtazama mikono kwanza.

"Mwizi hali sufuria," Balozi alikuwa akisema. "Sufuria huliwa na mnunuzi." Na vijana wa bodaboda walipomchokoza, wakimwita mzee kwa Kimakonde, "Nang'olo, mbona wezi wenyewe huwataji? Unawaogopa?" aliwajibu bila kusimama: "Mwizi ni mgeni, anapita. Mnunuzi nitamkuta kesho kwenye foleni ya maji."

Kwetu juu ya uwanda maji ndiyo saa ya mtaa. Kiangazi tulipanga ndoo kwenye kioski cha maji kabla jua halijatoka, na Balozi alikuwepo kila siku, hata siku ambazo ndoo yake ilikuwa imejaa nyumbani. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akiangalia miguu ya watu. Nimewaza sana alikuwa akitafuta nini. Nadhani alikuwa akiangalia nani kabadilika: nani ameanza kupita njia ya nyuma, nani amepata haraka, nani hana tena shida aliyokuwa nayo juzi. Lakini maelezo hayo hayanitoshi, kwa sababu ya habari ya Baba Zuhura.

Baba Zuhura alikuwa seremala, mtu wa kelele na vicheko. Asubuhi moja Balozi alizunguka akisema, "Aliyenunua baiskeli ni Baba Zuhura." Baba Zuhura hakuwa na baiskeli. Alimfuata njiani, randa mkononi, akicheka mpaka akakohoa.

"Balozi, leo umekosea njia! Baiskeli gani? Ingia ndani, panda hata darini!"

"Tumeambiana tu, Baba Zuhura," alisema, akaendelea.

Siku ya tano, mchana wa jua kali, mtu asiyemjua alisimama mbele ya karakana akisukuma baiskeli nzima yenye kengele, akamtajia bei ya kutupa. Tulimsikia Baba Zuhura kutoka shuleni. "Ondoka! Ondoka nayo! Mimi nimeshatangazwa!" Alikimbia mpaka barabarani na misumari midomoni. Baadaye aliwachekesha watu kwa kuigiza, lakini mke wake alimwambia mama kwamba tangu siku hiyo alikuwa akigeuka nyuma kila akipokea kitu, hata chenji.

Sitaki kumfanya malaika wala jini. Alikuwa mtu wa kula. Harusini alikaa karibu na sinia, akacheza kuliko mabinti, akaondoka na nyama ndani ya jani la mgomba. Alikuwa akiazima asirudishe. Ungo wetu ulikaa kwake miaka miwili, na mama alipokwenda kuudai alijibiwa, "Hujaibiwa, umeazimisha," akakaribishwa kupepetea palepale. Alipenda watoto lakini hakujua kuwabeba, aliwashika kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa msafiri. Wala hakunywa maji nyumbani kwa mtu yeyote. Ukimpa, aliyainua, akayatazama, akashukuru, akayarudisha.

Tena alikuwa na msimamo mmoja usiotingishika: hakumtaja mtu kwa jina lake. Kwetu ukishazaa, jina lako la utoto linawekwa kabatini, unaitwa kwa mwanao wa kwanza mpaka unakufa. Balozi alitumia jina lililotumiwa na mtaa, basi. Kwa hiyo mzazi alipotangazwa, jina lililopita milango yote lilikuwa na mtoto ndani yake. Salumu nilisoma naye. Wiki ile hakuja shule.

Mimi naitwa Rehema. Mama yangu ni Mama Rehema.

Na mtaani palikuwa na Mama Rehema mwingine. Alikuja kutoka Chiungutwa, mwanamke asiye na mume, akapanga chumba upande wa juu, akawa anapika vitumbua. Binti yake, Rehema, aliwekwa darasani kwetu. Mwalimu alituita Rehema A na Rehema B. Mimi nilikuwa A kwa sababu nilitangulia tu, lakini nilitembea na hiyo herufi kama tuzo niliyoshinda. Tulikaa dawati moja. Alikuwa akiniletea kitumbua cha pembeni, kile kilichokauka, ambacho mimi nilikipenda na yeye alikipenda, akawa anakikata kati kwa meno.

Mwaka ule wa darasa la saba nilikuwa nakosa kipindi cha kwanza, hesabu, karibu kila siku, kwa sababu ya foleni ya maji. Mama aliliona hilo, likamnyima raha. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mtu wa kusimama mbele na kusali kwa sauti. Nyumba yetu ilikuwa ya Waanglikana tangu enzi za babu yake, na hatukuwa watu wa kushukiwa. Jioni moja nikirudi nilikuta pipa la bluu limesimama nyuma ya jiko, kubwa, lile la kujaa maji ya wiki nzima.

"Limetoka wapi?" niliuliza.

"Limetoka lilikotoka. Wewe soma."

Siku mbili baadaye tulisikia kwamba mzee fundi baiskeli wa upande wa chini, mgane anayeishi peke yake, ameibiwa pipa lake.

Mama alilifunika kwa turubai. Lakini mapipa yale jua likiyapata hutanuka, na yakitanuka hutoa sauti. Ko. Kimya kirefu. Ko. Tulikuwa tukila chakula cha mchana, kikatokea kile kishindo kule nyuma kama mtu aliyegonga kwa kifundo cha kidole, na mama akaacha kutafuna. Najua ni plastiki na joto. Nilijua hata wakati ule. Bado nilikuwa nanyanyuka kwenda kuangalia nani anabisha.

Kisha nikafanya kosa langu. Balozi alinikuta njiani nikitoka shule, daftari kwapani, sare safi.

"Rehema, siku hizi sikuoni majini. Mnakunywa nini?"

"Mvua," nikasema.

Ulikuwa mwezi wa nane. Tone la mwisho lilikuwa limeanguka mwezi wa tano. Alinitazama, si kwa ukali, akaitikia kwa kichwa polepole kama aliyepewa jibu sahihi. "Mvua," alirudia. "Mungu awazidishie."

Asubuhi ya tatu alikuja. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Nilimsikia akianzia upande wa juu: hodi, maneno, tumesikia. Hodi, maneno, tumesikia. Maneno sikuyapata mpaka alipofika jirani, ndipo nikasikia jina langu. Mtu anaweza kuitwa jina lake mara elfu na asijue lina sauti gani. Siku ile nililisikia.

Mama alifungua mlango, mikono ina unga.

"Hodi."

"Karibu, Balozi."

"Sikai. Nimekuja kuwaambia. Mwizi simjui. Aliyenunua pipa ni Mama Rehema."

Nyuma ya jiko jua halijafika, lakini naapa nililisikia. Ko.

"Tumesikia," mama akasema.

Milango mingine yote aligeuka palepale. Kwetu hakugeuka. Alisimama hatua zake mbili, kanga imelowa umande, akimtazama mama. Uji ulichemka jikoni ukamwagika, tukasikia moto ukilalamika, na hakuna aliyekwenda kuutoa. Ilikuwa kama kuna neno ambalo zamu yake imefika na msemaji hajalikumbuka.

"Tumesikia, Balozi," mama akarudia.

Akaondoka.

Kufikia saa nne mtaa ulikuwa umeshaamua ni Mama Rehema yupi. Hakuna aliyekaa kuamua. Wetu alikuwa anaongoza sala, yule mwingine alikuwa amepanga. Tena na yeye alikuwa na pipa la bluu, kuukuu, alilokuja nalo juu ya lori. Mzee fundi alipelekwa kuliangalia, akalizunguka, akasema, "Mapipa ya bluu yote ndugu. Mimi sijui." Alikataa kulichukua. Watu wakasema amemwonea huruma.

Kesho yake nilikuwa pale kwenye vitumbua, nimetumwa. Kijana wa bodaboda alikishika kimoja akakigeuza huku na huku.

"Mama Rehema, hiki kina mwenyewe?"

"Mwenyewe ni tumbo lako, ukilipa," alimjibu. Watu wakacheka, na yeye akacheka, akapiga mwiko kwenye karai. Wiki ya pili alikuwa anajibu bila kucheka. Baada ya hapo waliokuja walikuwa watoto tu, na watoto hawanunui, wanaimba. Aliniambia siku moja, akinifungia vitumbua vya mama kwenye gazeti, "Eti mwanangu, na nyie mnaamini?" Nikasema, "Hapana, mama." Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema.

Kabla mvua za kwanza hazijaja walirudi Chiungutwa. Karai lilifungwa nyuma ya baiskeli, Rehema B akitembea kando akilishika lisigonge. Dawati likawa langu peke yangu. Nilifaulu hesabu.

Baada ya hapo mtaa wetu ulitulia ajabu. Nguo zililala kwenye kamba, baiskeli zililala nje. Redio iliyoibwa kwa mwalimu mkuu ilikutwa asubuhi imerudishwa dirishani na betri zake, maana mwizi alizunguka nayo hakupata hata wa kuigusa. Watu wa mitaa mingine walikuja kumuuliza Balozi dawa gani anatumia. Kimya kile kilikuwa kizuri na kilikuwa kinanitisha. Ungeweza kuacha kiti njiani ukakikuta, na nilikuwa nakiogopa hicho kiti.

Sasa nina shahada. Najitolea kufundisha Masasi nikingoja ajira, na muda wangu mwingi naufuja kwa kuwaza. Nimeshawahi kuandika barua kwa Mama Rehema wa Chiungutwa mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilimtetea mama, ya tatu ilinitetea mimi, ya nne ilikuwa na anwani tu. Nilijiuliza nina haki gani ya kumwaga jina la mama yangu, aliyelinunua pipa lile ili mimi nisome. Nilijiuliza mtu aliyekwisha kusahau anakumbushwa kwa faida ya nani. Maswali yote yalikuwa mazuri na yote yaliniacha nimekaa.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba Balozi amehamia Chiwata, kwa mtoto wa dada yake, na macho yamekwenda. Nikaona nianze na yeye, yeye angalau anajua.

Nilimkuta barazani akichambua mbaazi kwa vidole. Macho yake yalikuwa na utando mweupe, kama ule ukungu wetu ulikuwa umemwingia ukakosa pa kutokea. Nilisimama mbali kidogo. Baadaye niligundua kuwa zilikuwa hatua mbili.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Nani?"

"Rehema."

Vidole vikasimama ndani ya mbaazi.

"Rehema," alisema. "Kumbe ungekuja. Sogea. Sogea, mwanangu, kaa hapa." Akanishika mikono yote miwili. Ya kwake ilikuwa mikavu na yenye nguvu kuliko nilivyotegemea. "Mama yako bado anapika vitumbua?"

Nilielewa. Ilikuwa nafasi ya kusema neno moja, na sikulisema. Nilijiambia kwamba mzee hakatizwi.

"Nilijua siye," alisema. "Lijue hilo. Nilijua siku ileile. Nilisimama kwenye mlango wa wale wengine nikimngoja yule mama aseme 'ni mimi.' Hakuna aliyewahi kutangazwa mbele yangu akavumilia hata siku moja. Yule alivumilia. Nikasema kesho atasema. Kesho mtaa ukawa umeshampata wake."

"Kwa nini hukurudi milangoni, Balozi?"

"Nikaseme nini? Nimekosea? Mwaka mzima hakuna aliyenunua hata kijiko. Watu walikuwa wanalala. Ningesema mara moja tu kwamba nimekosea, nani angeogopa hodi yangu tena?" Ndani, mtoto wa dada yake aliacha kupukuchua mahindi, akaendelea. "Ule utulivu niliununua, Rehema. Mwenyewe alikuwa mama yako. Nimeukalia miaka yote hii nikijua una mwenyewe. Nisamehe. Na yeye umwambie anisamehe."

Alikuwa ameinamisha kichwa mbele yangu, yeye ambaye sikuwahi kumwona akimwinamia mtu. Ningeweza kusema nimesamehe. Angelala vizuri usiku huo, pengine mimi pia. Nililiwaza hilo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kuandikwa.

"Balozi, mimi siye. Mimi ni Rehema wa nyumba yenye pipa. Yule wa mvua."

Alitoa mikono yake polepole, akaifuta kwenye kanga, mmoja, kisha mwingine. Hakukasirika. Alinielekezea yale macho meupe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa namtazama yeye mikono.

"Basi nimekupa kisicho chako," alisema.

"Ndiyo."

"Usikae nacho. Chiungutwa si mbali. Uliza kwenye mashine ya kusaga." Akarudi kwenye mbaazi zake. Nilipofika barabarani alikuwa bado anachambua, mdomo ukicheza, na kwa upepo ule sikuweza kujua anaimba au anazungumza na mtu.

Bodaboda aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia asubiri. Nikampigia mama. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea, nikasema tu, "Mama, niko Chiwata. Nimetoka kwa Balozi. Sasa naelekea Chiungutwa kwa Mama Rehema."

Hakuniuliza kwenda kufanya nini. Nilisikia kuku wetu, na mtu akipita akimsalimia, na yeye hakuitika salamu. Kijana wa bodaboda aliwasha pikipiki, akaizima.

"Atakuuliza ni nani," mama alisema mwishoni. "Usimwambie Mama Rehema. Hilo ni jina lake pia, nilishamharibia. Mwambie jina langu mwenyewe. Hata hao wa mashine ya kusaga, wakiuliza, waambie."

"Watu wote, mama?"

"Wote."

Kwa hiyo nawaambia na ninyi. Mwizi simjui. Aliyenunua ni mama yangu, Agnesi.